Cheki ya rifandi ya kodi kutoka Marekani imeibiwa kwenye sanduku la barua, mimi nipo Mbeya, naanzia wapi?

Tausi_Uyole

Habari za saa hizi wakuu. Wenye uzoefu na mambo ya kodi ya Marekani naombeni msaada maana huku nimeuliza watu mpaka nimechoka na kila mtu ana jibu lake.

Iko hivi. Nilikuwa kule kwa masomo ya masters na nilikuwa na kibarua cha kusaidia kufundisha pale chuoni, kila mshahara ukitoka wanakata kodi yao. Nilipomaliza nikafunga akaunti ya benki nikarudi zangu nyumbani. Mwaka huu wa 2025 nikajaza ile fomu ya wasio wakazi, 1040-NR, kwa mapato ya 2024, ikaonekana nilikatwa zaidi kwa hiyo natakiwa kurudishiwa. Siyo hela ya kujenga ghorofa lakini ukiibadilisha huku mabati ya nyumba yanatoka na chenji inabaki. Sasa akaunti ya kule sina tena na wao rifandi hawaingizi kwenye akaunti za nje, nikachagua cheki ya karatasi, anwani nikaweka ya apartment niliyokuwa nakaa na mwenzangu mmoja Mkenya ambaye bado yupo pale, mpango ukiwa aipokee anitumie na mtu anayekuja huku.

Ukurasa wa IRS, yaani mamlaka ya kodi ya kule, wa kuangalia rifandi ilipo ukasema cheki imetumwa na tarehe wakaweka. Mwenzangu kila siku anachungulia sanduku, hamna kitu. Halafu asubuhi moja ananitumia picha, jamani nilikaa chini. Yale masanduku ya jengo zima yamepangwa ukutani pamoja, mlango mkubwa wa mbele umebinuliwa na chuma umeinama mpaka nje, chini yamezagaa matangazo ya pizza na ya mswaki wa umeme, bahasha za maana hata moja haipo. Jengo zima wamepigwa.

Mjomba anasema niende polisi hapa nikachukue loss report. Jirani anasema TRA. Mwingine anasema nimwandikie yule dada wa Kikenya barua ya mwanasheria akafuatilie kwa niaba yangu. Mimi nataka kujua vitu viwili tu, kama mtu ameshaila hiyo hela ndo imekula kwangu? Na haya mambo naweza kuyafanya nikiwa huku huku Uyole kwenye hii baridi ya Julai au lazima mtu awe kule?

kabwe_stendi

Dah pole dada. Kumbe na kwa Trump masanduku yanavunjwa, sisi tunajua ni huku tu.

TRA achana nao, hawahusiki, watakushangaa tu dirishani. Na loss report ya hapa itasemaje sasa, kwamba umepoteza kitu Marekani ukiwa Mbeya? Subiri wenye uelewa waje.

Mzee_wa_Fomu

Pole sana binti yangu. Shusha presha kwanza, cheki ya serikali ya Marekani ikiibiwa haijala kwako mradi tu uwahi. Nilipokuwa kule nilikuwa najitolea msimu wa kodi kuwajazia wanafunzi wa kigeni, kesi za namna hii zilikuja kwa sura nyingi ila zote zinaanzia kwenye swali moja, cheki imeshalipwa au bado? Usihangaike na barua za mwanasheria wala polisi kabla hujalijua hilo maana njia zinaachana hapo hapo.

Kulijua ni kuwaomba IRS waifuatilie cheki. Kuna Fomu 3911 ya kazi hiyo, unaipakua bure kwenye tovuti yao, kurasa chache tu, unaijaza unasaini unaituma kwa posta au faksi, au unapiga simu wanakufungulia ufuatiliaji moja kwa moja. Wanataka ziwe zimepita siku 28 tangu tarehe waliyotuma cheki, kwa maelezo yako naona hilo limeshapita. Kwa sisi tulio nje kuna namba ya walipakodi wa kimataifa, +1 267 941 1000, siyo ya bure kwa hiyo piga kwa app ya intaneti yenye bei ya chini, ukitumia vocha ya kawaida itaisha kabla hujapokelewa. Wapo hewani Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tano usiku kwa saa zao za mashariki, na kwa majira haya tunawatangulia masaa saba, kwa hiyo kwako wanafungua saa saba mchana. Piga saa saba kamili, wenyewe wengi bado wamelala.

Weka mezani SSN yako (ile namba ya hifadhi ya jamii ya kule), kopi ya 1040-NR uliyotuma, kiasi cha rifandi mpaka senti, na anwani uliyoandika kama ilivyo maana wataihoji kuhakikisha ni wewe. Ukibabaika kwenye anwani hawaendelei na wewe.

Sasa majibu. Wakikuta cheki haijalipwa wanaifuta na kukutolea nyingine, basi, hiyo ndo njia nyepesi. Wakikuta imelipwa, suala linaenda Bureau of the Fiscal Service, hao wako chini ya Wizara ya Fedha ya kule na ndo wanaohusika na cheki za serikali, watakutumia bahasha yenye fomu ya madai pamoja na kopi ya cheki yenyewe iliyolipwa. Iangalie vizuri ile kopi hasa upande wa nyuma, utaona mtu amejisaini jina lako kwa mwandiko ambao hata hujawahi kuuona. Unajaza fomu kwamba hukuipokea, hukuisaini, na hukunufaika na hela yake, unaweka sahihi yako halisi unarudisha, wao wanalinganisha. Mapitio yanaweza kufika wiki sita. Wakiridhika wewe unalipwa, na ile hela wanakwenda kuidai benki iliyopokea cheki yenye sahihi ya kughushi. Huna kazi ya kumtafuta mwizi.

Mambo mawili ya kushika. La kwanza, muda, cheki hizo zina uhai wa mwaka mmoja na madai yake pia yanatakiwa yawasilishwe ndani ya mwaka mmoja tangu tarehe ya cheki, kwa hiyo usije ukasema nitafuatilia baada ya mavuno. La pili ambalo watu wengi wanalisahau na ndo linalouma zaidi, badilisha anwani KABLA ya kufungua ufuatiliaji au kwenye simu hiyo hiyo. Cheki mpya wanaituma kwenye anwani waliyonayo kwenye rekodi, ukikaa kimya wataituma kwenye sanduku lile lile lililobinuliwa na wale vijana watakuja kuichukua na ya pili. Fomu ya kubadili anwani ni 8822.

Tausi_Uyole

Shikamoo mzee wangu, ubarikiwe sana, ndaga fijo. Hapa angalau nimepumua.

Ila sasa umenipa swali lingine, anwani ya huku naweka ipi? Nyumbani hatuna S.L.P. yetu, barua zetu zote tangu niko sekondari zinakuja kwa sanduku la parokia, zinamwagwa kwenye meza ya ofisi ya katekista na kila anayepita anapekua, kadi za harusi, barua za mikopo, za wanafunzi, zote pale. Watu ni wema lakini bahasha ya kimarekani yenye dirisha la plastiki ikikaa pale mezani wiki mbili mimi silali. Na yule dada wa Kikenya amenambia kama nitamtumia karatasi ya mwanasheria yeye yuko tayari cheki ije kwake kwa anwani ya kazini na aiweke kwenye akaunti yake halafu anirushie. Ni mtu ninayemwamini kabisa.

Mzee_wa_Fomu

Marahaba. Kumwamini sawa, ila benki ya kule haijui undugu wenu. Cheki ina jina lako, akaunti ina jina lake, benki nyingi zinaikataa cheki ya serikali ya kusainiwa kwa mtu mwingine, na kwa wizi ulivyo sasa ndo wamekaza zaidi. Kuna Fomu 2848 ya kumpa mtu mamlaka akuwakilishe IRS lakini hiyo ni kwa watu wenye sifa kama wanasheria na wahasibu waliosajiliwa au ndugu wa karibu, na hata hao hawaruhusiwi kukusainia cheki ya rifandi wakaiweka benki. Kwa hiyo barua ya mwanasheria wa Mbeya utalipia mhuri tu.

Anwani ya kazini kwake ni wazo zuri kwa kupokelea. Kuibadilisha iwe hela ndo shughuli nyingine, waje waliowahi kuileta huku.

Mkwawa_Hill

Kamwene wote. Niko Iringa hapa Gangilonga, mimi ya kwangu ilikuja moja kwa moja huku kwa S.L.P. kwa hiyo nielezee hicho kipande.

Kwanza inakuja barua ya kawaida, siyo EMS, hakuna namba ya kufuatilia, hakuna meseji, unaenda tu kuchungulia. Ndo maana kwa kweli nakushauri usitumie sanduku la parokia. Tafuta sanduku la ofisi lenye mtu mmoja mwenye ufunguo, mimi nilitumia la ofisi ya shemeji, yule dada wa mapokezi nikamwambia mapema kuna bahasha ya aina hii ikija usiiache mezani nipigie.

Benki ya kwanza niliyokwenda walinirudisha wakasema siku hizi hawapokei cheki za nje kabisa. Ya pili wakakubali lakini kwa mtindo wa kuipeleka kukusanywa, yaani hawakulipi pale, wanaichukua wanaituma nje ikalipwe huko ndo hela irudi kwenye akaunti yako, ni suala la wiki na wiki na makato yapo njiani. Yule ofisa wa benki alikuwa mtu mzima anaijua kazi yake, aliinua cheki kwenye mwanga wa dirishani nikaona maandishi ya U.S. TREASURY yamejificha ndani ya karatasi, unayaona mbele na nyuma. Halafu akalowesha kidole akagusa ule muhuri mweusi uliopo kulia kwa picha ya Sanamu ya Uhuru, wino ukavuja ukawa mwekundu. Akasema hii ni yenyewe, feki haifanyi hivyo. Nilifurahi kama mtoto lakini nilikaa sana kabla ya kuiona hela, kwa hiyo kama una njia ya akaunti ya kule ni bora mara kumi.

Na hapo kwenye akaunti kuna jambo sijaona mtu amelisema. Mwezi wa tatu 2025 Rais wao alisaini amri kwamba malipo ya serikali kuu kwa cheki za karatasi yaishe ifikapo 30 Septemba 2025 kwa kadiri sheria inavyoruhusu, rifandi za kodi zikiwemo. Sababu mojawapo waliyoandika ndo hii hii ya kwako, kwamba cheki za serikali yao zina uwezekano mara 16 zaidi wa kuripotiwa zimepotea, zimeibiwa, zimerudi au zimechezewa kuliko malipo ya kielektroniki. Sasa sisi tulio nje tusio na akaunti za kule ndo tunaobaki tunaning'inia. Ukipiga hiyo simu usikate kabla hujauliza hilo, sema niko nje, sina akaunti ya Marekani, hela ya cheki iliyoibiwa mtanilipaje. Na kama benki yako ya zamani ilikuwa ile ya ushirika ya pale chuoni waandikie uwaulize kama mwanachama wa zamani anaweza kufunguliwa tena. Akaunti iwe na jina lako lakini, rifandi haitakiwi kuingia kwenye akaunti ya rafiki.

fasta_refunds255

Dada nina mtu wangu IRS ndani kabisa, cheki inatoka ndani ya siku 5 kwa asilimia 15 tu. Nitumie inbox SSN, tarehe ya kuzaliwa na picha ya pasi tuanze kazi leo.

kabwe_stendi

Huyooo. Nilikuwa nasubiri utokee.

Neema_wa_Kihesa

Tausi usithubutu kumjibu huyo. Kufuatilia cheki IRS ni bure, fomu ni bure, hakuna asilimia ya mtu yeyote. SSN yako pamoja na tarehe ya kuzaliwa ndo kila kitu, akivipata mwakani anajaza kodi kwa jina lako kabla yako halafu rifandi inaenda kwake na wewe unaanza kujieleza. Tena kwa kuwa bahasha zako ziliibiwa na hujui zilikuwemo zipi, waombe wakupe ile PIN ya kulinda utambulisho, ni namba ya tarakimu sita inabadilika kila mwaka, bila hiyo mtu mwingine hawezi kutuma kodi kwa SSN yako kielektroniki.

Upande wa wizi wenyewe, mwambie rafiki yako aripoti kwa U.S. Postal Inspection Service, hao ndo polisi wa posta wa kule, wana fomu mtandaoni. Wizi wa barua kule ni kosa la serikali kuu, kifungo mpaka miaka mitano. Aripoti na polisi wa mji wao apate namba ya taarifa. Siyo kwamba itarudisha hela, hapana, ila hiyo namba ukiambatanisha kwenye madai inaonyesha kweli jengo lilivunjwa na siku gani, inakaa vizuri zaidi kuliko maneno yako matupu. Hiyo picha ya masanduku nayo iweke, usije ukafuta kwa kuwa simu imejaa.

Na kuna huduma ya posta ya kule ya bure inampa mtu picha za bahasha zinazokuja siku hiyo kwenye email yake, kama rafiki yako alikuwa amejiunga akatafute kwenye email za wiki ile, anaweza kuikuta bahasha yako imepigwa picha asubuhi ya siku waliyovunja. Hapo unajua kwa hakika ilifika ikaibiwa na siyo kwamba imepotelea njiani. Nilimwona binamu yangu wa Texas akifanya hivyo. Kwao wezi hata hawakuvunja, walikuwa na ufunguo. Kuna ufunguo mmoja wa mtu wa posta unaofungua masanduku ya mtaa mzima na wahuni wanawapora hao watu wa posta ili waupate, ukishapata huo hubinui chochote unafungua taratibu na kufunga. Halafu cheki za watu wanazifuta jina kwa kemikali hata ile ya kufutia rangi ya kucha wanatumia, wanaandika jina lao.

Tausi_Uyole

Naleta mrejesho wakuu. Nimepiga saa saba kama mzee alivyosema, nikasubiri kwenye laini muziki unapiga mpaka nikamaliza kumenya viazi vyote, akapokea mama mmoja mpole. Aliniuliza kila kitu mpaka chuo kilicholipa mshahara. Nikabadilisha anwani kwanza, nimeweka S.L.P. ya shule anayofundisha dada yangu kule Tukuyu, ufunguo anao mwenyewe. Halafu ufuatiliaji ukafunguliwa. Kwenye rekodi yake cheki haijaonyesha kulipwa ila kasema nisichukulie hilo kama jibu la mwisho, lije kwa barua. Nimeuliza habari ya Septemba akasema niliyoomba ni kubadilishiwa cheki iliyokwishatolewa na barua itaniambia hatua inayofuata, nisitume ombi la pili maana nitachanganya mafaili.

Rafiki yangu kakuta picha ya bahasha kwenye email yake!! Kijivu kijivu lakini jina langu linasomeka. Ameshaunganisha na ripoti.

Mzee_wa_Fomu

Vizuri sana. Andika jina la huyo mama, namba yake ya kazi aliyokutajia mwanzoni na tarehe, weka kwenye faili moja. Na mwambie dada yako wa Tukuyu barua ya kwanza kuja inaweza isiwe cheki, asiitupe kwa kuona ni karatasi tu.

Sao_Hill_Mufindi

Samahani kudandia uzi, na mimi niulize. Nina cheki yangu ya rifandi ya kule kule, haijaibiwa, ipo kwenye begi la vyeti tangu mwaka juzi, nilikuwa nasubiri nipate safari ya kwenda niiweke. Benki ya hapa Mafinga wamenambia imekufa. Niichane?

Mzee_wa_Fomu

Usiichane kijana wangu! Imekufa kweli kwa maana ya mwaka mmoja umepita, benki haiwezi kuipokea, lakini hela yako haijafutika. Piga namba hiyo hiyo juu, waambie cheki ilipitwa na muda na unayo mkononi, watakuelekeza pa kuirudisha na watoe nyingine. Piga kopi mbele na nyuma kabla hujaituma.